Uzoefu wangu: kitenzi "quedar" na kamusi mbili za bure

Niseme mapema: kama umeanza Kihispania na unatafuta pa kutupa hela, usizitupe kwenye vitenzi. Kamusi nilizotumia kukielewa quedar ni za bure, zipo mtandaoni, na zimeishinda programu ya kulipia niliyokuwa nayo kwenye simu.

Mimi nauza nguo dukani hapa Valencia, na quedar nakisikia kutwa nzima. Mteja anauliza kama imebaki saizi 40 (¿os queda la 40?). Anavaa, anajitazama kwenye kioo, analalamika kwamba shati linampwaya (me queda grande). Anajaribu jingine, anatabasamu: me lo quedo, nalichukua. Kitenzi kimoja, kazi tatu, na bado hatujafika kwenye kulipa.

Ile programu ya kulipia, ambayo jina lake nalihifadhi, ilinipa kadi moja tu yenye maana moja ya Kiingereza, ile ya kubaki, kisha ikanizungushia kadi hiyohiyo kila asubuhi. Ukijibu kubaki, unapongezwa. Ukienda dukani, huelewi kitu.

Kamusi ya kwanza, WordReference, ndiyo iliyonitoa gizani. Ipo tangu 1999, ina matangazo ya kuudhi kidogo, lakini inatenganisha maana vizuri na kila moja ina sentensi yake. Hapo ndipo nilipoona kwamba siri ya quedar iko kwenye vijineno vinavyoandamana nacho. Quedar con Ana ni kupanga kukutana na Ana. Quedarse con la camisa ni kulichukua shati liwe lako. Quedar en ni kuafikiana: quedamos en vernos el lunes, tumekubaliana tuonane Jumatatu. Mwenzangu wa kutoka Meksiko yeye husema quedé de llamarla, kwamba aliahidi kumpigia simu, mahali ambapo Wahispania wa hapa wangesema quedé en llamarla. Mnyambuliko wote upo pia, na kwa bahati quedar ni kitenzi cha kawaida, hakibadiliki shina.

Kamusi ya pili ni ya Real Academia Española, taasisi iliyoanzishwa 1713. Toleo la 23 lilitoka 2014, na la mtandaoni linaongezewa mambo kila mara; tangu mwishoni mwa 2023 lina hadi visawe na vinyume. Hii ni Kihispania kwa Kihispania, kwa hiyo anayeanza leo itamchosha. Ila ukishapata msingi, ile alama ndogo ya prnl. (kifupi cha pronominal) inakuonyesha ni maana zipi zinadai se: quedar ni kubaki kwa kitu, queda pan, mkate upo bado, quedarse ni mtu kuamua kubaki, me quedo en casa. Na pia ni kuingia katika hali fulani: se quedó dormido, akapitiwa na usingizi, se quedó sin gasolina, akaishiwa mafuta.

Kinachonikera katika WordReference na ile programu ni kwamba sisi tunalazimika kupitia Kiingereza, na kwa kitenzi hiki Kiingereza ni njia ndefu bila sababu. Tuna kukaa! Shati limekukaa: te queda bien. Kaa na chenji: quédese con la vuelta. Akakaa kimya: se quedó callado. Panapokwama kukaa, kubaki kunapokea: akabaki mjane, se quedó viuda, akabaki mdomo wazi, se quedó con la boca abierta. Hata muundo unalingana. Kwenye me queda bien, shati ndilo linalofanya kazi na mimi nimeguswa tu, sawasawa na linanikaa. Viatu vikiwa vingi, vinanikaa, me quedan bien. Wenzangu darasani waliotokea kwenye Kiingereza walihangaika na hilo me wiki nzima. Mswahili analo tayari ndani ya -ni-.

Mahali ambapo kukaa hakukusaidii ni kwenye miadi. He quedado a las siete, nina miadi saa moja. Hiyo ikariri ilivyo, na saa ukumbuke kuzigeuza, maana siete (saba) yao ni saa moja yetu. Cha kuuliza njia ni rahisi zaidi: ¿dónde queda la farmacia?, duka la dawa liko wapi. Inatumika kwa vitu visivyohama tu. Usiulizie rafiki yako hivyo.

WordReference naipa nyota nne na nusu, hiyo nusu nyingine imekwenda na matangazo. Kamusi ya Academia nyota nne kwa anayeanza, tano kwa aliyekwisha kuvuka mwaka wa kwanza. Fungua zote mbili pamoja, na pembeni uwe na daftari lako la Kiswahili, uandike kukaa na kubaki mahali panapostahili.

Na mtu akikwambia ¿te estás quedando conmigo?, usidhani anauliza kama utalala kwake. Anauliza kama unamtania.