iPhone na Android kwenye pochi moja: uzoefu wa muuza magauni

Nauza magauni ya vitenge na madera kupitia Instagram na WhatsApp hapa Dar es Salaam. Sina fremu. Picha napiga kwa simu, oda zinaingia kwa simu, hela inaingia kwa simu, na bodaboda namwelekeza kwa simu hiyohiyo. Android nimetumia miaka, iPhone nikaiongeza baadaye, na sasa zote mbili ziko kwenye pochi moja. Wenzangu wa biashara hawaishi kuniuliza wachukue ipi. Jibu langu haliingii kwenye meseji, ndiyo maana naliandika hapa lote.

Wenye haraka wapate hukumu kwanza. Kama una hela ya simu moja tu na simu hiyo ndiyo duka lako, chukua Android mpya ya daraja la kati, yenye ahadi ya masasisho iliyoandikwa. iPhone ni tamu, lakini kwa kazi hii inataka mwenzake pembeni. Sababu zenyewe hutazikuta kwenye tangazo la upande wowote.

Android yangu niliichukua Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kule ambako mlango kwa mlango ni simu na kila kijana anakuita "dada karibu, leo kuna ofa". Jina la kampuni naliacha. Mgongoni ilikuwa na stika inayong'aa: RAM 16GB, kamera ya AI 50MP, betri 5000mAh. Pembeni ya ile 16 kulikuwa na kinyota, na chini kabisa ya boksi, kwa herufi ndogo za kutafuta kwa miwani, kinyota kinajieleza: 8+8. Yaani RAM yenyewe, kumbukumbu ambayo simu inafanyia kazi, ni nane. Nane nyingine inakopwa kwenye hifadhi, palepale unapoweka picha zako, na ina kasi ndogo kuliko RAM halisi. Kamera nazo hivyohivyo. Mgongoni kuna miduara mitatu: mmoja ndio wenye hizo 50MP, wa pili una 2MP, wa tatu ni tochi. Na hata hizo 50, simu kwa kawaida huunganisha nukta nne kuwa moja, kwa hiyo picha inatoka na megapikseli 12 na kitu, mpaka uingie mwenyewe kwenye kamera uchague 50.

Ukiisogeza stika hiyo karibu na iPhone 11 yangu, toleo la 2019, iPhone inaonekana maskini. Kamera mbili za 12MP, RAM 4GB, betri 3110mAh. Apple hata hawaiandiki RAM kwenye boksi. Lakini nina kitenge kimoja cha zambarau iliyokolea ambacho kilizimaliza hesabu zote hizo. Android yangu ilikuwa inakigeuza bluu, na kwenye video nikisogea dirishani rangi inabadilika tena mimi bado nageuka. Mteja wa Tabata akarudisha gauni. "Dada, mimi niliagiza la bluu, hili la zambarau la nani?" Nikafungua picha niliyomtumia, na kweli ilikuwa bluu. Kitenge kilekile kwa iPhone kilibaki zambarau asubuhi, mchana, na chini ya taa. Tangu nianze kupigia picha iPhone, ugomvi wa rangi umekwisha. Kamera ya ndani ya Instagram nayo ni hivyo, kwenye Android yangu stori zilikuwa na chengachenga, kwenye iPhone hazina. Kwa hilo naipa iPhone haki yake bila kinyongo.

Ila nisiwaongopee kuhusu mabango ya matangazo ya Apple. Apple hawauzi namba, wanauza picha. Tangu 2015 wana kampeni yao ya picha zilizopigwa kwa iPhone, walianza na iPhone 6, na mtu akipita chini ya bango anaamini akinunua simu ile naye atapiga hivyo. Oktoba 2023 uzinduzi wao mzima ulirekodiwa kwa iPhone 15 Pro Max, na wenyewe wakatoa video ya nyuma ya pazia: simu ipo kweli, lakini imefungwa kwenye kreni, imezungukwa na taa za studio na watu wa kuziendesha. Mimi studio yangu ni baraza la mama mwenye nyumba, saa nne asubuhi, na shuka jeupe nimelitundika kwenye kamba. Hilo shuka limenisaidia kuliko AI yoyote iliyoandikwa kwenye stika.

Kuhusu kampuni hizi za simu kutaniana zenyewe kwa zenyewe, wala kusikuumize kichwa. Mwaka 2017 Samsung walitoa tangazo la kumcheka mwenye iPhone anayehangaika na kiunganishi ili aweke earphone zake. Mwaka 2019 Galaxy Note 10 ikatoka haina tundu la earphone. Oktoba 2020 Apple wakaondoa kichwa cha chaja kwenye boksi la iPhone 12, Samsung wakachapisha picha ya chaja kujisifu kwamba wao wanaitoa. Januari 2021 Galaxy S21 ikaja bila kichwa cha chaja. Posti ya majisifu ikafutwa. Ukiona kampuni inamcheka mwenzake kwa kuondoa kitu, nunua hicho kitu mapema uweke akiba.

Sasa suala la faragha, maana linanigusa mfukoni. Januari 2019, wakati wa maonyesho ya teknolojia ya CES kule Las Vegas, Apple walitundika bango kubwa kwamba kinachotokea kwenye iPhone yako kinabaki kwenye iPhone yako. Na si maneno matupu: kuanzia iOS 14.5 (iOS ndio mfumo unaoendesha iPhone), Aprili 2021, programu inalazimika kukuomba ruhusa kabla ya kukufuatilia kwenye programu na tovuti za wengine. Meta, wenye Instagram, walisema jambo hilo lingewapunguzia mapato ya dola bilioni 10 hivi kwa 2022. Mimi mnunuzi wa simu nafurahi. Mimi muuza magauni ninayelipia matangazo ya Instagram nanuna, kwa sababu mteja aliyebonyeza kukataa anakuwa mgumu kumfikia. Lakini kabla hujawaona Apple malaika, kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilianika kwamba mwaka huohuo wa 2022 Google iliwalipa Apple dola bilioni 20 ili iwe injini ya kutafutia inayokuja tayari kwenye Safari, programu ya intaneti ya iPhone. Google hiyohiyo ambayo mabango ya faragha yanakufanya uikimbie.

Kuna vita nyingine ambayo huku haituhusu kabisa, ya meseji za bluu na za kijani. Kule Marekani watu wengi wanatumiana meseji kwa programu ya Apple yenyewe, na mwenye Android anatokea kijani, video yake inafika imefifia, vijana wanamtania. Septemba 2022 mtu mmoja alimlalamikia Tim Cook, bosi wa Apple wakati huo, mbele ya hadhara kwamba hawezi kumtumia mama yake video fulani, Cook akamjibu amnunulie mama yake iPhone. Watu walicheka. Hadi iOS 18 ya 2024 ndipo iPhone ikaanza kutumia na Android RCS, yaani mfumo mpya wa meseji unaochukua nafasi ya SMS. Sisi huku tuko WhatsApp, rangi ni moja kwa wote.

Lakini lile jibu la Cook lilinikaa, kwa sababu mimi nina mama. Yuko Muheza, na kwa mama yangu iPhone ingekuwa adhabu. Simu yake ya Android inazungumza Kiswahili kutoka kwenye mipangilio mpaka kwenye onyo la betri. Anabonyeza alama ya kipaza sauti kwenye kibodi ya Google, anasema, simu inaandika. Google walikiingiza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017. Meseji zake zinakuja hazina mkato wala nukta, "mwanangu nazi zimepanda bei huku na yule mtoto wa shangazi yako amejifungua salama nitumie hela ya hongera", lakini amezituma mwenyewe, hajamwita mjukuu. iPhone yangu yenye iOS 18, kwenye orodha ya lugha za mfumo, Kiswahili hakimo. Siri naye, msaidizi wa sauti wa iPhone, Kiswahili hajui. Kampuni yenye utajiri ule, kwa lugha ya watu wote hawa! Ajabu ni kwamba hata wauzaji wa Android hawalitangazi jambo hili. Wako bize na miduara ya kamera.

Twende kwenye hela. Apple Pay, ile ya kulipa kwa kugusisha simu, inatangazwa duniani kote, lakini muuza vitambaa wangu wa Kariakoo hana habari nayo. Ana kibao cha lipa namba ukutani, basi. Iwe iPhone au Android, wote tunapiga *150*00# na kusubiri menyu. Kinachotofautisha ni laini. Android yangu inameza laini mbili za kawaida. iPhone 11 niliyonunua ina tundu la laini moja, ya pili ni eSIM, laini iliyomo ndani ya simu yenyewe, isiyochomekwa. (Zipo za Hong Kong zenye laini mbili za kuchomeka. Ukiikuta, muuzaji anajua thamani yake kuliko wewe.) iPhone zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, kuanzia 14, hazina tundu la laini kabisa, na hizo ziko nyingi tu madukani kwetu.

eSIM mpaka ikukute ndipo utaielewa. Kuna jioni iPhone ilizima chaji nikiwa njiani, umeme nyumbani umekatika, na mteja ameshatuma hela kwenye laini iliyokuwa eSIM. Bodaboda yuko mlangoni kwake na mzigo ananisubiri niseme "mpe". Ingekuwa laini ya kawaida ningeitoa kwa pini nikaichomeka kwenye Android pale pale. eSIM huitoi kwa pini. Kuihamishia kwenye simu nyingine iliyo hai, nilikoenda mimi, kulitaka foleni ya dukani na alama za vidole. Siku hizi laini ya biashara haikai kwenye eSIM, na wala haikai kwenye iPhone. Chaja yenyewe ya iPhone 11 ni ile nyembamba ya zamani, na ukiomba kwenye saluni au kwa wakala wanakupa Type-C. Apple walihamia Type-C kwenye iPhone 15 mwaka 2023, baada ya Umoja wa Ulaya kupitisha sheria ya kulazimisha.

Kwa mnaotaka iPhone iliyotumika, na huku wengi ndiyo tunayoimudu, ukifika dukani usimsikilize muuzaji, ifungue simu. Mimi kijana aliniambia, "Dada, hii ya Dubai, haijaguswa, betri mia kwa mia." Simu ya 2019 betri mia kwa mia! Nikaingia kwenye Settings, General, About. Pale, kuanzia iOS 15.2, panaonyesha historia ya vipuri. Betri iliandikwa kipuri kisichotambulika. Kijana akaanza kutazama barabarani. Hapohapo kwenye About angalia kama simu haijafungwa kwa mtandao wa nje: iandikwe haina kizuizi cha laini. Hakikisha akaunti ya iCloud ya mwenye simu wa zamani imetoka, la sivyo umenunua kioo cha kujitazamia. Halafu piga *#06#, chukua IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itume kwenda 15090 uone kama ni simu halali. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu bandia nchi nzima, na waliolia siku ile si wauzaji. Yule kijana nilimwacha na betri yake, nikachukua duka la tatu.

Kuhama nako kuna kazi. Nakala za WhatsApp za Android zinakaa Google Drive, za iPhone zinakaa iCloud, na hazisomani. Tangu 2022 unaweza kuhamisha mazungumzo kutoka Android kwenda iPhone kwa programu ya Move to iOS, ila iPhone iwe haijawashwa kwa matumizi, au ifutwe kwanza. Ukishaanza kuitumia, umechelewa. Na iCloud ya bure ni 5GB tu, wakati Google wanakupa 15GB. Kwa mtu mwenye picha za magauni, hizo tano hazimalizi mwezi.

Kinachobaki ni umri wa simu. Hapa iPhone iliwapiga wenzake miaka mingi. iPhone XR ya 2018 ilipata masasisho hadi iOS 18 ya 2024, wakati Android nyingi za bei yetu zinapata sasisho moja kubwa, basi. Siku hizi Android nazo zimeamka: Pixel 8 ya Google ya 2023 na Galaxy S24 ya Samsung ya 2024 ziliahidiwa miaka saba, na Galaxy A16, ambayo ni ya watu wa kawaida, miaka sita. Ndiyo maana Android ninayowaelekeza wenzangu si ile yenye 16 na kinyota. Waulize muuzaji, masasisho miaka mingapi? Akikuonyesha kamera, ondoka.

Mpangilio wangu wa sasa ni huu: iPhone haina laini, inakula hotspot ya Android, kazi yake ni picha, video na Instagram. Android ina laini zote mbili, WhatsApp ya biashara, na hela. Mdogo wangu anaitaka ile iPhone. Nimemwambia alete kwanza stendi ya simu na betri ya akiba aliyoniahidi tangu Krismasi, halafu tuongee bei.