Rivolva ya kubadilisha mitutu: kabla hujatoa hela, omba picha ya nati

Rivolva yangu ya pili ya Dan Wesson niliinunua kwa picha. Ndio najua, usinianze. Tangazo lilikuwa tamu, modeli ya 15-2 ya kaliba ya .357, mtutu wa inchi nane, ule weusi wa bluu unaong'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride, dola 780, na muuzaji kaandika "kama mpya, haijaguswa". Mimi hiyo haijaguswa nikaisoma kama sifa, kumbe ndio ugonjwa wenyewe. Ikatumwa duka la bunduki hapa Houston, nikajaza fomu, rekodi zikakaguliwa, nikarudi nayo nyumbani, nikahakikisha silinda, ile ngoma inayobeba risasi, iko tupu, nikatoa spana nivue ule mtutu mrefu niweke wa inchi nne. Nati inayoushikilia mtutu kule mdomoni haisogei. Nikatia mafuta ya kulegeza kutu, nikalala, asubuhi haisogei. Baba Rehema akasema lete hapa, akang'ata meno mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, haisogei. Yaani nimenunua rivolva ya kubadilisha mitutu ambayo mtutu haubadiliki.

Na tangu niposti picha ya ile nati kwenye status nimepata meseji za watu watatu wenye kilio hichohicho, kaka mmoja wa Ohio yeye yake ilishaliwa na plaizi kabla hata hajainunua. Ndio maana naandika hii.

Kwa ambao hawajui tunaongelea nini. Rivolva ya kawaida mtutu wake umekazwa kwenye fremu, yaani kiwiliwili cha bastola, kiwandani, ukitaka kuutoa unapeleka kwa fundi mwenye mitambo yake. Mwaka 1968 Daniel B. Wesson wa pili, kitukuu cha yule Wesson wa Smith & Wesson, alianzisha kampuni yake Monson, Massachusetts, akatumia ubunifu wa jamaa anaitwa Karl Lewis. Mtutu ni bomba jembamba lenye thredi huku na huku. Unaukaza kwenye fremu kwa mkono, unauvisha koti la chuma kwa nje, halafu kule mdomoni unakaza nati inayoubana mtutu na koti kwa pamoja. Kwa hiyo mtutu umeshikwa ncha zote mbili kama kamba ya kuanikia nguo iliyovutwa vizuri, na hiyo ni moja ya sababu hizi bastola zinapiga pale unapolenga. Mitutu ilitoka ya inchi mbili na nusu mpaka kumi na tano. Kulikuwa na seti kabisa kwenye sanduku kama la fundi saa, mitutu minne, mipini, saiti za mbele za kulengea, nazo za kubadilisha, na spana yake.

Kubadilisha kwenyewe ni dakika chache. Unalegeza nati, unavuta koti, unazungusha mtutu unatoka. Unaweka mwingine, na hapo kati ya mtutu na uso wa silinda unapitisha fila, ile ile ya fundi gereji anayopimia gepu ya plagi, ya 0.006 ya inchi, kama milimita 0.15. Mtutu ukigusa fila basi, rudisha koti, kaza nati, pima tena. Gepu ikibana sana silinda itaanza kukwaruza ikishapata moto na masizi, ikiachia sana gesi inatokea pembeni na nguvu inapotea. Ukinunua bila fila nenda duka la spea za magari, ni vijisenti.

Sitaongelea kaliba ipi, uzito, mpini unajaaje mkononi, hayo kila mtu anayaandika na kila mtu ana mkono wake. Mimi naongelea nati na kilichojificha chini ya koti, sababu hakuna anayekitazama.

Fikiria. Kati ya mtutu na koti kuna nafasi ndogo. Mtu kapiga risasi mwaka 1984, kafuta nje vizuri na kitambaa cha mafuta, kaiweka kabatini. Masizi na unyevu vimeingia kule ndani na vimekaa humo miaka arobaini. Nje inang'aa, ndani ya mtutu ukimulika na tochi kunang'aa, ila katikati hapo, upande wa nje wa mtutu, kuna kutu imekaa kama ukoko kwenye sufuria. Na thredi za mdomoni ndio zinaanza kushikana. Kwa mtu anayekaa sehemu kavu labda atapona, lakini Houston hapa joto na unyevu ni kama Tanga mwezi wa tatu, chuma kinatoka jasho usiku. Yangu fundi alihangaika nayo siku nne, anaipasha moto kidogo anaiacha, anaipasha anaiacha, ikatoka na sauti kama mlango wa stoo. Mtutu ulipotoka ulikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Thredi mbili za mwisho zimelika. Dola 120 za fundi, mtutu wa kutupa.

Kwa hiyo kabla ya kutuma hela omba picha tatu. Ya kwanza nati kwa karibu, zile nafasi spana inapokaa. Kama kingo zimeviringika au zina makovu yanayong'aa, kuna mtu alitumia plaizi au bisibisi, achana nayo. Ya pili mtutu ukiwa nje ya koti, umelala peke yake kwenye kitambaa. Hii ndio kubwa. Muuzaji akisema hana spana ya kuufungulia, maana yake hajui ndani kukoje, basi mshushie bei kana kwamba mtutu huo haupo. Ya tatu, koti linapokutana na fremu, sababu kuna pini ndogo ya kulishikilia lisizunguke, na watu wanachanganya makoti ya bunduki tofauti, unakuta limekaa upande na saiti ya mbele inaangalia kushoto kama mtu anayekukwepa deni.

Haya, mpangilio wangu, na sijifichi, mimi ni mtu wa Dan Wesson, tena za Monson.

Namba moja ni 15-2 ya .357 iliyoandikwa Monson ubavuni. Herufi zinazofuata zinaelezea koti tu, V lina matundu juu, H ni zito, VH ni vyote viwili. Chukua VH ukiwa unapiga shabaha, chukua V ukiwa unabeba porini. Kitu cha kushangaza wageni ni kwamba kitufe cha kufungulia silinda hakipo nyuma kama za wengine, kipo mbele kwenye mkono wa silinda wenyewe, mara ya kwanza utakitafuta mpaka uone aibu. Ila kufungwa kule mbele, karibu na mtutu, kunafanya silinda itulie. Mpini nao unashikwa na skrubu moja kutokea chini, basi, hata huo unabadilisha. Yangu ya kwanza ya mwaka 1979 nimebadilisha mitutu sijui mara ngapi na bado inapiga palepale.

Namba mbili 715 ya chuma kisichoshika kutu iliyotolewa baada ya CZ-USA, tawi la Marekani la kampuni ya bunduki ya CZ ya Ucheki, kuinunua kampuni mwaka 2005. Wao zaidi walikaa kwenye bastola za magazini za muundo wa 1911, ila rivolva wakairudisha na ni kazi safi. Kwa mtu wa Houston, Florida, New Orleans, labda hii ingekuwa namba moja, shida ni bei na kuipata. Mimi moyo wangu uko kwenye ile nyeusi, nisameheni.

Namba tatu zile kubwa za .44 Magnum, modeli ya 44 na ya 744. Ni za wawindaji na wale wa kulenga sanamu za chuma za wanyama kwa mbali, mchezo uliokuwa moto sana miaka ya 80 na ndio uliozipa hizi bastola jina. Nzito, tulivu, na tafadhali mitutu yake haiingiliani na fremu ndogo, nimeshaona mtu kanunua mtutu wa .44 akidhani ataufunga kwenye 15-2.

Za kipindi cha Palmer, mji wa jirani na Monson ambako kampuni ilihamia miaka ya 1990 mwanzoni mpaka ikafilisika 1995, mimi nazikwepa mpaka niishike mkononi. Za Norwich, New York, zilizofuata, kagua tu kama nyingine.

Kuna Janz ya Ujerumani, inatengenezwa Malente, inabadilisha mtutu na kaliba pia, ni kitu cha kutazama kama dhahabu dirishani kwa sonara. Bei ni maelfu ya dola. Nikishinda bahati nasibu nitawaandikia.

Za bei poa? Ruger Single-Six Convertible na Taurus 992 zinabadilisha silinda, .22 ya kawaida na .22 Magnum. Mtutu ni uleule. Bastola nzuri kwa hela yake, ila sio tunachoongelea. Na Thompson/Center Contender inabadilisha mitutu kweli lakini inabeba risasi moja, haina silinda, msiniletee.

Sasa hawa wauzaji. Kinachoniuma kuliko hata nati ni kuvunja seti. Mtu anapata sanduku kamili la marehemu babu, mitutu minne, mipini miwili, spana, fila, anavichambua anauza kimojakimoja. Nimeona spana peke yake, kipande cha chuma kinachoingia kwenye kiganja, inauzwa dola 90 na posta juu. Koti tupu bila mtutu, dola 200. Halafu bunduki anaiuza na mtutu mmoja na anaandika "mitutu ya ziada inapatikana kirahisi". Kirahisi wapi? Kwako wewe uliyeificha! Na kwa sababu sheria ya shirikisho inaitambua fremu kama bunduki, mitutu inaweza kuja kwa posta mpaka mlangoni bila fomu, majimbo mengine yana yao, angalia la kwako, basi biashara ya vipande imekuwa kama ya spea za Toyota pale Gerezani.

Na kwa wenzetu waliofika juzi, mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua, mwenye viza ya muda kama ya masomo kwa kawaida haruhusiwi ila kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji, uliza kabla hujajaza fomu maana kudanganya pale ni kesi. Na usithubutu kutia hata mtutu mtupu kwenye begi ukienda likizo Bongo. Kuna dada aliniuliza, ndio maana nasema.

Ile 15-2 sasa inapiga vizuri, nimeinunulia mtutu mwingine wa inchi sita na nati mpya, nati nimeipaka grisi kidogo na kila mwezi naifungua hata kama sijaenda kupiga. Jana yule muuzaji kaweka nyingine, picha ileile ya ubavu wa kulia, "kama mpya, haijaguswa". Nimemwandikia kwa adabu kabisa, naomba picha ya nati. Tiki mbili za bluu, hajajibu.