Tahadhari kwa wakulima wa uyoga: muuzaji wa mbegu anayezunguka Tanga mjini, Pongwe na Muheza

Ndugu zangu mnaojiandaa kuanza kilimo cha uyoga, tafadhalini msimtumie fedha muuzaji anayepita kwenye vikundi vya akina mama na vijana akiuza mbegu za uyoga wa mamama (oyster) pamoja na mifuko iliyokwisha kupandwa, huku akiahidi kwamba mavuno yote atayanunua yeye mwenyewe. Baadhi ya vikundi vya huku kwetu Pongwe vimekwisha kumlipa kwa simu; mifuko imeoza na simu yake haipokelewi.

Chupa moja ya mbegu zake tuliifungua mbele ya wanakikundi. Punje za mtama, ambazo ndizo hubeba mbegu ya uyoga, zilikuwa zimegandamana, chini kuna maji ya manjano, shingoni kuna ukungu wa kijani, na harufu yake ilikuwa kama ya togwa lililochacha. Mbegu iliyo nzuri hufunikwa na utando mweupe pande zote na hunukia uyoga mbichi.

Mifuko yake imejazwa mabaki ya mkonge kutoka korona (kiwanda cha kusindika mkonge), na hapo ndipo wengi wanapomwamini, kwa kuwa ni kweli kwamba mamama huota kwenye mabaki ya mkonge kama unavyoota kwenye majani ya mpunga au mabua ya mahindi. Lakini mabaki hayo hukaushwa, hukatwakatwa, hulowekwa, kisha huchemshwa au hupikwa kwa mvuke ndani ya pipa, na huachwa yachuje maji na kupoa kabla ya kuwekewa mbegu. Alipoulizwa alichemsha kwa muda gani, alijibu kwamba anayo dawa isiyohitaji moto, na jina la dawa hiyo hakulitaja. (Wapo wanaoloweka kwa maji ya chokaa bila kuchemsha, na njia hiyo inafanya kazi, ila wao hawafichi wanachotumia.)

Ahadi zake nazo hazipimiki. Anasema mfuko wenye kilo 1 ya mabaki makavu utatoa kilo 5 za uyoga, tena kuanzia siku ya 7, ilhali utando peke yake huchukua wiki 2 hadi 4 kuenea mfukoni, na mkulima makini hushukuru akipata kati ya nusu kilo na kilo moja kwa mikupuo yote ya mavuno. Mkataba wake unaeleza vizuri sana malipo ya awali, kisha uko kimya kuhusu bei ya kununulia na siku ya kuchukua mzigo. Kwa joto letu la Tanga, uyoga mbichi haungoji mnunuzi asiye na tarehe.

Anayetaka mbegu aombe kuonyeshwa zinapotengenezwa, anunue chupa chache za majaribio, alipe akiwa amezishika mkononi na adai risiti. Waliokwisha kutapeliwa watunze ujumbe na kumbukumbu za miamala, watoe taarifa polisi, na ujumbe wa kitapeli wautume kwenda namba 15040. Mifuko yenye madoa ya kijani itolewe bandani leo hii bila kufunguliwa humo ndani, kwa sababu vumbi la ukungu huo huhamia kwenye mifuko iliyo mizima.