Programu ya kikoba: hesabu safi, ila haijawaza vidole vya mwanika dagaa

Mimi ni katibu wa kikoba hapa Kibirizi, Kigoma. Wengi wetu tunaanika dagaa, wachache ni wavuvi. Programu hii ya simu tumeitumia mzunguko mzima, tangu kununua hisa mpaka mgawo, na kwenye hesabu sina lawama: hisa, riba, marejesho na mfuko wa jamii vyote vinakaa sawa, na mtandao ukikata inaendelea kurekodi. Siku ya mgawo hakuna aliyenuna.

Kinachoniuma ni kidole. Kila anayechukua mkopo lazima athibitishe kwa alama ya kidole, njia nyingine hakuna. Sasa mama anayeshinda mchangani na dagaa, na msimu ukifika anakamua mawese, ngozi imesuguliwa mpaka mistari imefifia. Nimemwona mwenzetu akifuta kidole kwenye kanga, anaweka, inakataa. Ananawa, anakausha, inakataa tena, huku kikao kizima kinamtazama kama anayedai kisicho chake. Na hisa zake ananunua kila wiki! Wangeruhusu namba ya siri kwa asiyesomeka kidole, yule mama asingeaibika.

Rangi nazo. Aliyelipa ni kijani, anayedaiwa ni nyekundu, basi, hakuna neno wala alama. Mvuvi wetu mmoja hazitofautishi hizo mbili. Hali hiyo mara nyingi ni ya kurithi, na huwapata zaidi wanaume kwa kuwa vinasaba vyake viko kwenye kromosomu X, ambayo mwanamume anayo moja tu, kwa hiyo vikundi vyenye mtu kama yeye ni vingi. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti na programu zitumike na watu wote, hata wenye ulemavu, unakataza kutegemea rangi peke yake, na unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa mwangaza, uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Haya yao ni kijivu hafifu juu ya weupe. Kwa jua la ufukweni hata mimi mwenye macho mazima sioni kitu. Ukikuza herufi kwenye mipangilio ya simu, kitufe cha “Thibitisha” kinakatika, inabaki “Thibi”.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Vikundi wenzangu, ichukueni kwa hesabu, lakini idhini ya mkopo ibaki kwenye daftari mbele ya mashahidi, kama tulivyofanya sisi. Nanyi mlioitengeneza, karibuni kikaoni kabla ya toleo lijalo. Simu mpeni kwanza bibi yetu mwenye mtoto wa jicho, kisha yule mvuvi, mkae pembeni mtazame wanapokwama.