Rangi za mafuta kwa maua ya porini: tyubu ipi ya waridi au zambarau ununue kwanza

Waridi na zambarau za maua ya machipuko huwezi kuzipata kwa nyekundu ya kadimiamu na buluu. Nyekundu hiyo imeelemea chungwa, hivyo ikikutana na buluu hutoa matope, na ukiwa unachora nje jua halikusubiri usahihishe. Nunua rangi iliyo tayari. Ila geuza tyubu usome msimbo wa pigmenti (unga unaotoa rangi), kama PV19: jina la mbele kila kampuni hujichagulia.

Nafasi ya kwanza, bila ubishi, ni PV19, kwinakridoni. Huuzwa kwa sura mbili, waridi na zambarau. Chukua ya waridi. Ukiitia nyeupe inabaki safi, na ukiichanganya na buluu ya ultramarini (PB29) unapata zambarau za kila daraja, hivyo tyubu moja inafanya kazi ya tatu. Haipauki upesi. Kasoro yake ni kuchelewa kukauka: paka tabaka jembamba, au ongeza kidogo kilainishi cha alkidi (kiowevu kinachoharakisha kukauka), na beba sanduku lenye nafasi za kutenganisha mbao za picha zisizokauka.

Ya pili ni PV16, zambarau ya manganizi. Hukauka haraka na haitawali mchanganyiko, hivyo inafaa vivuli vya petali.

PV14, zambarau ya kobalti, inashika nafasi ya tatu kwa sababu ya bei tu. Ni nzuri mno, lakini dhaifu: nyeupe kidogo inaimeza, na tyubu inaisha mapema. Ina kobalti, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kula na usipige msasa picha iliyokauka.

PV23, dioksazini, iwe ya mwisho. Tone dogo kama kichwa cha pini linatosha. Likizidi, majani na mbingu vyote vinageuka zambarau, na brashi haitakati kirahisi.

PR83, alizarini yenyewe, iache dukani. Hupauka, tena zaidi ikichanganywa na nyeupe, na petali nyingi ndivyo zinavyopakwa. Tyubu iliyoandikwa alizarini “ya kudumu” kwa kawaida ina pigmenti nyingine, soma msimbo.

Nyeupe ndiyo itakayoisha kwanza. Rangi zikiwa za mililita 37 au 40, nyeupe nunua ya 150 au 200. Iwe titani (PW6), si zinki (PW4) tupu, kwani zinki hukakamaa na kupasuka.