Vyungu vya maua vya kando ya barabara Tanga: chukua kitupu, pamba mwenyewe

Kijana anayeuza vyungu vya maua jirani na kwetu, hapa Tanga, huvipanga safu mbili. Mbele ni vilivyokwisha kupigwa rangi, vinameremeta, vina vipepeo na maneno ya "Karibu". Nyuma, chini kabisa, ni vitupu vya udongo mwekundu. Cha rangi cha ukubwa wa kati ni shilingi elfu nane, kitupu saizi ileile elfu tatu. Nimenunua vya safu zote mbili na vyote viko baraza moja, vinamwagiliwa na mkono mmoja.

Vya rangi sivipendekezi. Udongo wa kuchomwa unapitisha maji. Unamwagilia ndani, unyevu unapenya taratibu hadi nje na kukaukia huko. Sasa wao wanapiga rangi ya mafuta nje tu, ndani wanaacha hivihivi. Maji yakifika nyuma ya rangi hayana pa kwenda. Changu, masika hayajaisha, kilishatoa malengelenge upande wa chini. Ukilibonyeza moja maji yanachuruzika, rangi inabanduka kama ganda la yai, na pale chini unakuta unga mweupe wa chumvi. Kipepeo amebakiwa na bawa moja. Nilipomweleza kijana akanijibu, "Mama, hicho unakimwagilia mno." Haya, ua life kwa kiu ili rangi ipone!

Vitupu ni habari nyingine. Vimeiva vizuri, na vingi vina tundu chini. Hata hivyo kabla hujalipa, kiinue ukigonge kwa kifundo cha kidole: kizima kinalia, chenye ufa kinaitika kwa sauti iliyokufa. Kijana haoni vibaya, anakuachia ugonge safu nzima. Alijaribu kunirudisha mbele: "Mama, hicho kitupu kinakunywa maji." Nikamwambia, "Na kinywe, mwanangu, mizizi nayo inataka hewa."

Ukifika nyumbani kisugue kwa brashi na maji, kianike mpaka kikauke hasa, upitishe msasa palipo na vijiwe. Mapambo yenyewe hayana gharama. Ninayoyapenda kuliko yote ni chokaa. Koroga na maji iwe kama uji mwepesi, tia chumvi kidogo, lowanisha chungu, paka tabaka mbili nyembamba. Ikiwa mbichi haionekani, utadhani umepaka maji. Ikikauka inapasua weupe. Unyevu unapita, kwa hiyo haifanyi malengelenge. Kasoro yake ni kwamba inaacha vumbi kwenye nguo, basi usikiweke mlangoni pa kupitia watu wenye mabuibui.

Juu ya chokaa napiga muhuri wa bamia. Usicheke. Bamia nene, iliyokomaa, ikikatwa kwa kukingama inatoa nyota ya pembe tano yenye vitundu vya mbegu katikati. Ifute ute wake kwa kitambaa, ichovye kwenye rangi ya maji iliyomwagwa kwenye kisahani, igonge kwanza juu ya gazeti ipunguze, kisha ndiyo uweke kwenye chungu, ubonyeze na kuinua wima. Ukiburuza umeharibu. Bluu ya kukolea ndiyo inayokaa vizuri juu ya weupe. Bamia moja inatosha mzunguko wa chungu. Ikilegea kata kipande kipya.

Kamba ya katani nayo haigharimu kitu, na sisi watu wa Tanga tungeona aibu kupamba kwa nailoni. Mmea wenyewe ni mgeni, uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, lakini nani leo atakubali kwamba katani si ya kwetu? Paka gundi nyeupe ya mbao chini ya mdomo wa chungu, zungusha kamba mzunguko ukibanana na mzunguko, ncha uifiche kwa ndani ya kamba. Ishie juu tu. Ukivisha chungu kizima hadi kwenye kitako, kamba itakaa majimaji na itaoza.

Kitenge nakipa alama za katikati. Kifue kwanza kitoe wanga, kata vipande vidogo vya pembetatu, paka gundi chini na juu, sukuma hewa kwa kidole gumba. Kinapendeza kupita kiasi, ila kitupe chungu hicho juani uone rangi inavyokimbia. Chumbani, sawa, na ua liwe ndani ya kopo lake la plastiki, maji yasifike kwenye kitambaa.

Kwa jumla kitupu pamoja na chokaa, bamia na kamba hakinifikii elfu tano. Cha elfu nane sinunui tena.

Huduma yake sina neno. Anafunga kwa magazeti na anakuitia bodaboda anayejua kubeba. Msimamie tu asivipachike kimoja ndani ya kingine bila karatasi, midomo inameguka. Bei inashuka ukichukua vitatu na kuendelea. Ijumaa usiende saa saba mchana, utakuta turubai na mwenyewe yuko msikitini.