Daraja la Nyerere, Kigamboni: tathmini ya mvukaji anayependa uhandisi

Daraja la Nyerere, ambalo wakazi wengi wa Dar es Salaam huliita la Kigamboni, limejadiliwa zaidi kwa tozo zake kuliko kwa umbo lake. Hilo linaeleweka, kwa kuwa anayelipia kila siku hujali kwanza mfuko wake. Tozo zilipunguzwa mwaka 2022, na ukilinganisha na foleni ya kivuko, naona huduma inastahili malipo, ingawa kwa bodaboda anayevuka mara nyingi kwa siku hesabu haiwi nyepesi kiasi hicho.

Umbo lake ndilo linalonivutia zaidi. Lilifunguliwa Aprili 2016, likiwa na urefu wa mita 680 na njia sita za magari. Wengi hulidhania kuwa daraja la kuning'inia, lakini silo: katika daraja la kuning'inia, kebo kuu hupita juu ya minara na kufungwa ardhini kwenye kingo, kisha sakafu huning'inizwa kwa kebo ndogo za wima. Hapa kila kebo hutoka mnarani ikashuka kwa mshazari moja kwa moja hadi kwenye sakafu, hivyo huinyanyua na papo hapo kuibana kuelekea mnarani. Na kwa kuwa mvuto wa upande mmoja husawazishwa na wa upande wa pili, mnara hubaki na kazi ya kuushusha uzito hadi kwenye msingi. Kwa mpango huo, mita 200 za katikati zimeachwa bila nguzo majini, umbali ambao mhimili wa zege, yaani boriti inayobeba sakafu, usio na kebo ungeuvuka kwa kunenepa kupita kiasi.

Daraja la Tanzanite, nalo la Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2022 lenye urefu wa kilometa moja na ushei, lina kebo pia, ila minara yake ni mifupi, kwa sababu mhimili wenyewe hubeba sehemu kubwa ya mzigo na kebo huusaidia tu. Kwa uzuri wa mandhari ya bahari, Tanzanite linashinda. Kwa kuonyesha waziwazi nguvu zinapopita, nalipa Kigamboni alama ya juu.

Daraja la Nyerere lina njia za waenda kwa miguu pande zote mbili, jambo la kupongezwa, ila kivuli hakuna kabisa. Mwanafunzi wa uhandisi anayetaka kuzichunguza kebo kwa utulivu avuke asubuhi, kabla jua halijawa kali.